Shangazi Anaweka Chini Kisu cha Nta

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Shangazi wetu wa karakana ya meno ya bandia anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na minne. Tangazo la utumishi limemtaja kuwa Fundi Sanifu Mkuu wa Meno, cheo ambacho hapa karakanani kikitajwa tunageuka kutazama nani kaingia. Kwetu sisi ni Shangazi, na kwa wagonjwa wake pia, wakiwemo wazee waliomzidi umri. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi kwa kuwa meza yangu imepakana na yake tangu niajiriwe, na kwa kuwa, kama alivyosema msimamizi wetu, nina mkono mzuri wa maneno kuliko wa plasta. Nimelipokea kama sifa.

Habari ya Shangazi haianzii hospitalini. Inaanzia kwenye kibanda cha mama yake, aliyekuwa akiuza vifungo, nyuzi na zipu. Mama huyo alikuwa na ulimi. Mteja alifuata kifungo kimoja akajikuta amekaa hadi adhuhuri, kwa utani wa mama na kwa ule mwanya wa meno ya mbele uliochungulia kila alipocheka. Kisha ugonjwa wa fizi ukamwingia, meno yakamtoka moja baada ya jingine, na kicheko nacho kikafuata. Akawa anauza huku ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, bei anaionyesha kwa vidole. Alitengenezewa meno ya bandia mahali fulani, yamenyooka kama vigae vya bafuni. Aliyavaa siku moja tu, akayatia kwenye glasi na kusema hayo ni ya mtu mwingine, yeye anamtunzia. Bintiye alipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea ufundi wa meno, wenzake walishangilia safari ya ndege. Yeye alimwahidi mama yake kwamba akirudi atamtengenezea meno ya kuchekea.

Huko ng'ambo baridi ilimpokea kabla ya wenyeji. Anasimulia kwamba wiki za kwanza alikuwa mtu pekee katika karakana nzima ambaye meno yake mwenyewe yalipiga kelele. Vidole vilikufa ganzi hata nta ikaganda kabla hajaipa umbo, na kila asubuhi ilimbidi avipashe moto kwenye taa ya spiriti kama mtu anayechoma mahindi. Chumba chake bwenini kilitazama maegesho ya baiskeli, na kulikuwa na bomba la joto ambalo alilianikia soksi na kuliegemea akisoma.

Lugha ya huko alikuwa ameisoma vitabuni, lakini aliitumia kama alivyolelewa. Kila asubuhi alizunguka meza zote na salamu kamili: umeamkaje, nyumbani hawajambo, watoto je, mama mzazi anaendeleaje. Mafundi waliozoea kuitikia kwa kidevu walidhani kuna aliyefiwa. Fundi mkuu wao, mzee mkavu ambaye wanafunzi walimbandika jina la Bwana Kimya, alimwita pembeni kumuuliza ni habari gani mbaya wanayofichwa. Alipoelewa kuwa ni salamu tu, alirudi kwenye meza yake. Mwezi mmoja baadaye Shangazi alikosa basi akachelewa, akamkuta yule mzee kasimama mlangoni, anangoja kuulizwa hali ya mama yake.

Mafunzo kwa vitendo yalimalizika kwa mtihani mmoja: kutengeneza seti kamili ya meno, ya juu na ya chini, kwa ajili ya mgonjwa wa kweli. Ukifeli unarudi kwenu mikono mitupu, na bila cheti hakuna hospitali ambayo ingemwachia mdomo wa mtu, sembuse wa mama yake. Alipewa bibi mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye mgongo ulionyooka na maneno machache. Shangazi aliyapanga meno kwenye ufizi wa nta kwa uangalifu mkubwa. Mafundi walipita, wakatazama, videvu vikaitikia. Siku ya kujaribisha ikafika. Bibi aliyavaa, akajitazama kwenye kioo, akauliza polepole: "Huyu ni nani?"

Bwana Kimya akainama kutazama. Kati ya meno mawili ya mbele palikuwa na mwanya. Daktari hakuuagiza, na bibi hajawahi kuwa nao maishani. Shangazi mwenyewe ndiyo kwanza anauona. Mzee akamuuliza huu ni mdomo wa nani, naye akajibu kwamba ni wa mama yake, na machozi yakamtoka pale pale mbele ya mtahini, daktari na mgonjwa. Kwa miezi mingi alikuwa ameubeba mdomo mmoja tu kichwani, na mikono ikauandika bila kumwomba ruhusa.

Bibi hakukasirika. Alimwambia, "Mama yako anapendeza, binti. Lakini mimi nimefuata meno yangu." Bwana Kimya naye akatoa hotuba ndefu kuliko zote walizowahi kusikia kutoka kwake: "Mkono haujakosea. Umekosea mtu." Kwa kuwa meno yalikuwa bado kwenye nta, hayajapikwa kuwa plastiki, alimruhusu ayapange upya, mara moja na basi.

Safari hii hakuanza na nta. Alimwomba yule bibi aje kunywa chai, akamkalisha karibu na dirisha, akamchokoza kwa habari za wanafunzi watundu mpaka akacheka. Ndipo alipoona kwamba mdomo wa bibi huinuka zaidi upande mmoja, na akasikia kwamba tangu utotoni jino lake moja la mbele lilimwegemea mwenzake. Akalilaza vile vile. Bibi alipoyavaa mara ya pili alijitazama kiooni, kisha akamgeukia Bwana Kimya na kumwamuru, kwa sauti yake ya darasani, asimame wima, asipinde mgongo. Mtihani ukawa umeisha. Shangazi alipewa cheti, na juu yake akapewa kiti cha kudumu kwenye karakana ile, karibu na dirisha lile lile. Alishukuru, akakataa, akasema kwao kuna mteja anayemngoja.

Alichokikuta hapa ni chumba chenye meza moja na bomba la maji linalovuja. Seti za kwanza zilipikwa kwenye sufuria kubwa aliyoiazima jikoni kwa wagonjwa, na wapishi walipolalamika aliwajibu kwamba wao na yeye wanalitumikia tumbo moja. Leo tuna mitambo, tuna mafundi tisa, na tuna birika. Birika ni la lazima. Katika karakana hii hakuna anayegusa nta kabla hajanywa chai na mwenye mdomo na kumwona akicheka. Wapo wanaoshangaa kwamba wameitwa kupimwa meno na wanakaribishwa kikombe, lakini hakuna aliyewahi kurudisha kikombe kikiwa kimejaa.

Ila palitokea dereva mmoja wa lori ambaye hakuna utani uliomgusa. Tulijaribu wote, kwa zamu, kama waganga. Hatimaye mimi nilijikwaa na kujimwagia bakuli zima la plasta kwenye viatu, na dereva akapasuka kwa kicheko. Shangazi alikimbilia penseli kwanza, akachora ule mdomo hadi ukafungika, ndipo akanikumbuka. Viatu vile vimesimama hadi leo dirishani kwetu, na njiwa wamevizoea.

Kila mwaka Shangazi amepeleka mwanafunzi mmoja ng'ambo, kwenye karakana ile ile iliyomfunza. Haulizi alama. Anauliza, "Unamwendea nani?" Anayejibu kwamba anaendea cheti hupewa ufagio, afagie vumbi la plasta mpaka jibu jingine limjie. Mmoja alituandikia kutoka huko akilalamika kwamba anasalimia watu nao wanamkodolea macho. Shangazi alimjibu kwa mstari mmoja, kwamba aendelee kusalimia.

Najua mnaniuliza kimoyomoyo: na mama je? Nimemweka mwisho makusudi. Meno yake yalikuwa seti ya kwanza kabisa kutoka kwenye ile sufuria ya jikoni. Aliyavalia nyuma ya kibanda chake. Kioo alikikataa. Aliyapitia kwa ncha ya ulimi, taratibu, akafika mbele, akaukuta mwanya, akatulia hapo. Kisha akainuka, akavuka njia hadi kwa muuza viatu aliyekuwa akimtania miaka yote ile bila kujibiwa, akamjibu. Alimjibu la wiki ile, la mwaka uliopita na la miaka ya nyuma, moja baada ya jingine, mpaka yule bwana akakaa chini kwa kucheka. Shangazi alibaki kibandani akiuza vifungo asivyojua bei yake, huku analia.

Mama yule yuko hai. Meno ni seti ya tano, ulimi ni ule ule. Juzi nilimuuliza Shangazi atafanya nini akistaafu, nikitarajia kusikia habari za kuku au bustani. Akasema kwamba kwa miaka yote hii amekuwa akifika nyumbani jioni, mama amekwishachoka kuzungumza, naye akiambulia mwisho wa hadithi tu. Sasa anataka kuzikuta tangu mwanzo.

Shangazi, ahsante kwa kila mdomo uliourudisha kwa mwenyewe, na kwa kutufundisha kumtazama mtu kwanza. Nenda kakae na mama yako. Tunawaombea asubuhi nyingi, na zote ziwe ndefu.