Shati Jeupe la Fundi

Fundi cherehani hakuwa na mke tena, wala mtu wa kumtungia uzi, wala hamu ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Mfukoni alikuwa na barua ya kumkatalia bintiye, muuguzi wa macho, aliyemtaka aje apasuliwe. Ndani ya treni taa zilielea mbele yake kama zimewashwa ndani ya maziwa, naye alizipenda hivyo hivyo.

"Wanatoa lenzi iliyochakaa, wanaweka mpya," alisema mama wa kiti cha jirani, aliyefanyiwa upasuaji huo mwaka jana. "Wanatia ganzi, husikii kitu."

"Mimi bado naona, mama. Shati hili jeupe nimelishona mwenyewe juzi."

Mama akainama kulitazama. "Shati ni jeupe, baba. Uzi ni wa manjano."

Fundi akapapasa mshono polepole, kama mtu anayeamshwa usingizini. "Na wateja wangu wote hawakusema?"

"Wamekuonea haya."

Treni ikafunga breki stesheni. Fundi akatoa barua. "Niandikie hapo chini: Futa hayo ya juu. Nakuja."

Mama akaandika. Fundi akailamba bahasha, akaifunga, akashuka, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta, ambalo kwake lilikuwa ukungu mwekundu tu.