Neno Lililotua Begani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, vuteni viti. Leo tunamkumbuka mama mmoja, na nawaambia mapema: sikuja na sauti ya msibani. Tangu asubuhi moyo unanidunda kwa hamu ya kuwasimulia.

Alikuwa fundi cherehani. Wateja walimwita Mama Mikono, maana hakuweza kusema hata "karibu" bila kupunga mikono hewani. Mtoto wake wa kwanza, binti, ni kiziwi. Basi mama akajifunza lugha ya alama, akaiva, akawa mkalimani wa ibada kila Jumapili. Fundi cherehani, mkalimani, mama wa binti kiziwi. Shikeni hayo.

Binti yuko nami hapa studio. Anaongea kwa mikono, mdogo wake wa kiume anamtolea sauti.

Jumapili moja likasomwa fungu la Injili linalomwita Kristo Neno. Mama akaonyesha "Neno" kwa alama iliyozoeleka, kidole kikitoka mdomoni. Binti akafumba macho. Mnaelewa uzito wake? Kiziwi akifumba macho mbele yako, mazungumzo yamekwisha.

"Nyumbani nilimwambia," anasema binti, "Mungu wenu ana mdomo, nanyi mna masikio. Mimi sikualikwa."

Maneno hayo yalimchoma mama. Kesho yake alimshonea mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Akaiacha mezani, akaenda kwa mchungaji, tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Baba mchungaji, Mungu akisema, anafanya nini?"

Mchungaji akacheka, kisha akayaona machozi yake, akavuta benchi. Akamweleza kwamba kwa Wakristo wale wa kwanza, Mungu kusema hakuishii kwenye sauti. Anasema, na nuru inakuwapo. Neno lake linakuja lenyewe, linavaa mwili, linakaa na watu, linagusa wagonjwa.

"Limevaa mwili?" mama akauliza. "Basi lina mikono."

"Lina mikono, mama," akajibu mchungaji.

Jamani, hapo ndipo ninaporuka kwenye kiti! Jumapili iliyofuata Mama Mikono aliachana na mdomo. Aliweka kiganja kifuani pake. Akakisogeza mbele taratibu, huku akitembea, mpaka kikatua begani kwa binti yake. Akakiacha hapo.

"Sikufumba macho," anasema binti. "Nilimwambia, rudia. Alirudia mpaka kwaya ikachoka kusubiri."

Viziwi wengine wakaidaka alama hiyo. Mpaka leo, katika kanisa lile, hiyo ndiyo alama ya Neno.

Mwezi uliopita Mama Mikono alipata kiharusi. Sauti ikamtoka, isirudi tena. Wodini, siku za mwisho kabla hajafariki, ndugu walijaa, kila mmoja akilia kwamba mama hasemi.

"Walilia kwamba hasemi," anasema binti, "na muda wote huo mkono wake ulikuwa begani kwangu."

Kwa mume wake, wanawe, na wote aliowavisha na kuwafasiria: poleni, poleni sana. Nanyi wasikilizaji, jiulizeni leo: neno lenu la mwisho kwa mliye naye nyumbani, mlikwenda nalo, au mlilirusha tu kutoka mlangoni?

Sasa nanyamaza kidogo. Fundi mitambo ananitolea macho, kimya redioni ni mwiko. Na anitolee. Ninainuka, kiganja kifuani, navuka studio. Ninyi hamtasikia kitu. Binti atasikia.