Kilichomwangusha Abasi

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Rumonge, penye meza ya kahawa ya Shadia. Wiki moja baada ya uchaguzi wa wabunge tulikuwa bado tunabishana juu ya Abasi, na Abasi mwenyewe amekaa nasi, mwisho wa benchi. Ni fundi wa mota za mitumbwi. Aligombea peke yake, bila chama. Esansi, mafuta ya magari, ilikuwa haipatikani, akapanda hadi Bugarama, kule milimani, kwa miguu kuomba kura. Alishindwa vibaya.

Hadji, tunayemwita Kapiteni ingawa mtumbwi wake una miezi haujaingia majini, alisema kosa ni jina.

— Watu ya milimani walisoma Abasi, jina la Kiislamu, wakapita. Na mama yake ni wa Uvira, kule Kongo. Nani atamupa kura?

Leonsi, mwalimu mstaafu, alikataa. Kwake mtu si kitu. Hali ya nchi ndiyo inayochagua.

— Watu walitoka foleni ya esansi wakaingia foleni ya kura. Wamechoka, wanaogopa. Hata angeitwa Hyacinthe, angeanguka tu.

Hadji akahamia kwenye picha ya kampeni: Abasi alipigwa akiangalia pembeni, kama mtu anayekwepa mgeni. Leonsi akasema kama mwezi ule ndagala, dagaa wa kwetu, zingejaa ziwani, hata mbuzi angeingia bungeni. Walibishana hivyo mpaka Shadia akajaza birika mara ya pili. Abasi alikunywa kahawa yake. Hakuna aliyemwuliza neno.

Pembeni alikuwa amekaa mama mmoja, Chanceline, muuza ndagala wa Gitaza, anasubiri gari la kurudi kwao.

— Mimi siko wa hapa, alisema. Huyo mutu aliomba kura ya kufanya nini?

Leonsi alikohoa, akasema ni mambo ya ziwa. Hadji akasema hapana, ni barabara. Nami nilitafuta kichwani. Miezi mitatu Abasi alituambia kila asubuhi, palepale, atakachofanya bungeni, na nilichokumbuka ni shati lake jeupe.

Chanceline akamgeukia Abasi, bila kumjua.

— Na wewe, baba, unakumbuka?

Abasi aliweka kikombe mezani polepole.

— Nami nimesahau, mama.

Akamshukuru Shadia, murakoze, akaondoka kuelekea ziwani. Chanceline alimfuata kwa macho, kisha akatuuliza yule baba ni nani.

Leonsi akasema gari la Gitaza limechelewa leo.