Mtunzi wa "Fungua Sanduku"

Mgeni rasmi, mkuu wa somo la muziki chuoni. Bi Chiku, mwalimu wetu. Wanakijiji wenzetu, asalaam aleikum.

KARIBU KIEGEANI
Umevuka bahari kutufuata, nasi tumefurahi kwa dhati. Jisikie uko kwenu.

KIKUNDI CHETU
Tuko wanawake kumi na wanne, wakulima wa mwani tunaoimba harusini. Nyimbo zote huzitunga Bi Chiku. Anayeziimba ni Biubwa binti Hemedi, msomaji wa risala hii. Wimbo ukiisha, wenye harusi humwita Bi Chiku mbele, wakamvisha asumini. Biubwa, koo limemkauka, hubaki pembeni na kipaza sauti chake.

MAFANIKIO
Mwaka jana wanafunzi wako walikuja kurekodi "Fungua Sanduku". Sasa wimbo huo unafundishwa chuoni.

CHANGAMOTO
Binti yetu Fahima, anayesoma chuoni kwako, alituletea kitini cha somo. Watunzi wa Ulaya wamepewa kurasa kumi na nane: mwaka wa kuzaliwa, aliyemfundisha, kila kazi na namba yake, hata maradhi yaliyomuua. Kwenye mtihani mwanafunzi hupigiwa kipande kifupi, amtaje mtunzi. Wimbo wetu una mstari mmoja: "Wimbo wa asili, Mafia. Mtunzi hajulikani."

Tuliwaonea wivu wale Wazungu, kusema kweli. Wamekufa zamani na maradhi yao yanajulikana. Bi Chiku yu hai, magoti yanamsumbua, na hakuna aliyeandika.

Tulipomsomea mstari huo, Bi Chiku akatuuliza, "Nani kawaambia sijulikani?" Jibu lake tunalitoa leo.

Mgeni rasmi, wanafunzi wako hawakukosea. Siku ile ya kurekodi Bi Chiku alikuwa kwenye mwani. Walipouliza, Biubwa alijibu, "Wa wazee huo, hauna mwenyewe." Alikuwa na wivu. Alitaka, walau mara moja, wimbo uwe wa anayeuimba. Sisi kumi na wawili tulimsikia tukanyamaza, maana wivu wake tulikuwa nao sote.

Tulitaka risala aisome mwingine. Biubwa akasema, "Nitasoma mwenyewe."

MAOMBI
Tulikuwa na maombi manne. Tumefuta matatu. Tunaomba kitini kiandikwe: Chiku binti Abeid, wa Kiegeani, na mwaka wake wa kuzaliwa. Mwaka huo hatuujui. Miaka yote hii hatujamuuliza. Amekaa upande wako wa kulia. Muulize wewe, sisi hatuna uso.

Mola akurejeshe salama, na ampe Bi Chiku umri mrefu, hata asipotusamehe.

Ni sisi, Waimbaji Wanawake wa Kiegeani, tuliomjua mtunzi.