Chupa ya Kushukuru Bwana ya Constance

Banc ni yangu. Nasema vile kwanza, juu bantu benye banaikalaka pale banasha kusahau. Mi niko quado, natengenezaka ma-pneu pa kona kwenye bisi za mine zinashushaka bantu benye banatoka kazi ku Kinsevere. Nilipiga mbao za ile banc misumari na mikono yangu, ili baclient bapate fasi ya kungojea. Client hata moja haikalake. Tangu asubui iko Vieux Edouard, mwenye tunaita Chef de Gare, juu baba yake alitumika ku chemin de fer kule Kabalo, na ye mwenyewe anasemaka sawa vile train ingali inamungoja. Pembeni yake iko Raoul. Huyu tunamuita Karavia: alibeba sahani miaka mbili mu hoteli moja ya kule Karavia, njo anajua maneno yote ya wakubwa. Wa tatu ni Jérémie, tunamuita Douane, juu anafanyaka makaratasi ya mizigo ku mupaka, na hamuna kitu anaaminiaka. Mama Wivine anasimama na thermos yake, anabauzishia kawa. Beko na maneno, mi niko na kazi.

Ile siku ilikuwa siku ya posho, ni kusema Jumamosi. Kasereka alitoka mu depot yake, ngambo ya barabara. Ni Munande wa Butembo, anauzishaka haricot na mafuta en gros, na iko na macamion yake mwenyewe. Muntu ya kanisa, bière hajaionja tangu azaliwe. Akaikala pa banc, akaangalia kushoto na kuume, akasema pole pole:

— Ndugu zangu, wiski ya muzuri ni gani?

Mi mwenyewe niliacha nyundo.

— Papa Abigaëlle, ni we? Chef de Gare alimuuliza, na jina ya mutoto yake. Pasteur anajua?

— Haiko ya miye, vieux. Ni ya kushukuru muntu.

Njo akatuelezea. Week tatu zilipita, siku ya Mungu, mvua ilipiga na muto Naviundu ikajaa mayi mpaka juu ya kadaraja. Bibi yake, mama Émerance, alikuwa mu motokari na Abigaëlle, mutoto yabo wa miaka sita, mwenye iko na asthme. Mbele mayi, nyuma macamion, hamuna fasi ya kupita. Mutoto akashikwa, hapumue tena, midomo ikageuka bleu. Mama moja mwenye kukaanga beignet pembeni ya barabara aliona, akafungula mulango, akamubeba mutoto ku mugongo, akamukaza na kitambaa, akaingia mu mayi mpaka ku kifua. Akavuka. Ngambo akapanda pikipiki, akamufikisha ku centre de santé. Wakati mama Émerance alifika, kisha saa nzima, mutoto iko na masque ya oxygène, na ule mama alisha kurudia, juu aliacha batoto yake peke yabo pa moto ya beignet. Mwenye kuendesha ile pikipiki njo alisema jina: Constance, wa mutaa ya Naviundu. Bwana yake Léonard, anatumika ku Kinsevere.

— Na we, ulikuwa wapi? Karavia aliuliza.

— Kasumbalesa, na macamion. Nilirudi kesho yake, nakuta mutoto anakula bukari. Docteur anasema dakika kumi zaidi, tungekuwa ku matanga. Bandugu, niko na mutoto moja tu. Kila asubui mbele ya kuvaa viatu nainamaka pa kitanda yake, nasikiliza vile anapumua. Ule mama alinizalia mutoto mara ya pili. Moyo inajaa, na sijue vile nitasema aksanti.

Douane aliweka kikombe yake chini.

— Njo nataka chupa ya bwana yake, Kasereka alisema. Bibi ya muntu haumushukuru ye mwenyewe, unapitia kwa bwana. Mi nikimupa ule mama kitambaa, Naviundu yote itauliza: huyu Munande anatafuta nini?

— Kweli kabisa, bote balisema. Njo desturi.

Mama Wivine alikohoa, akamimina kawa.

— Émerance alitaka kwenda kesho yake, Kasereka alisema tena. Nilimukataza. Tufike sawa bantu benye heshima, na kitu mu mukono, na bwana yake iko ku nyumba. Na ye bwana anatoka ku mine leo. Week tatu naingia mu magasin, naangalia machupa, natoka. Naongopa kukosea.

— Week tatu haiko mingi, Chef de Gare alimuambia. Haraka haraka haina baraka.

Muzee wa Kabalo, mithali yake haijapata hata siku moja mulango ya kuingilia. Lakini bote balitikisa kichwa, na Karavia akavuta suruali kidogo pa magoti, sawa vile anafanyaka akitaka kufundisha.

— Patron, angalia miaka. Chupa iko na miaka sawa muntu. Ya miaka tatu, iko maternelle, inalia bule. Ya kumi na mbili inamaliza masomo ya primaire na kitu kidogo. Ya kumi na munane, njo majeur. Inaweza kuoa, inaweza kupiga kura. Muntu mwenye nyumba yake ilikuokolea mutoto, haumupe mwanafunzi.

— Na ya miaka makumi tatu? Kasereka aliuliza.

— Ile inasha kuwa na bajukuu. Unakunwa ukisimama, kofia mu mukono.

Kasereka alitosha carnet mu mufuko ya shati, akaandika: 18.

— Futa, Douane alisema. Miaka ni karatasi, na karatasi mi njo nazifanyaka. Ku mupaka nilisha kuona wiski ya miaka kumi na munane, ilizaliwa ile week, nyuma ya jikoni ya muntu. Lutuku, pombe ya kupika ku nyumba, na sukari ya kuunguza. Geuza chupa kichwa chini. Tu-bulle twa hewa tukipanda pole pole, ni kweli. Tukikimbia, ni bongo, uwongo mutupu.

— Ku magasin batamuacha ageuze?

— Kama habamuache, inabaki nzi. Unamwanga tone moja, unangoja nzi. Ikikunwa na ikaruka sawa sawa, ni chai. Ikianza kusema Kifransa, lipa.

Kasereka aliandika: nzi. Nilimuhurumia. Muntu mwenye anaongoza macamion kumi na moja, anaandika nzi mu carnet.

— Munamupoteza, Chef de Gare alisema. Wiski haikunwewake. Inaikalaka juu ya armoire, wageni baione. Carton njo zawadi. Baba yangu, muzungu moja wa chemin de fer alimuachia chupa mu carton ya rangi ya zahabu. Tuko batoto munane, hata moja hakuigusa. Siku ya matanga ya baba tukafungula, tukunwe pamoja. Ilikuwa mafuta ya mawese. Mama alisha kuitumikisha ku jikoni tangu sijue mwaka gani.

— Na wiski ilienda wapi?

— Mama alikufa na ile siri. Njo wazee banasemaka: chema kinajiuza, kibaya kinajitembeza.

Tulimungoja aeleze. Alikunwa kawa yake.

— Donc, carton muzuri, Kasereka alisema. Chupa moja ao mbili?

Pale njo balianza kupigana kweli. Chef de Gare anasema moja ni aksanti, mbili uko unalomba kazi, tatu unaleta mahari. Karavia anasema kule Karavia moja ni ya mugonjwa. Douane anasema lete tatu, juu mbili zitakuwa za bongo. Nami nikaingia, sijue juu ya nini, nikasema chupa ya carré ni muzuri kupita ya rond, juu haibingirike. Balinicheka. Ni banc yangu, lakini balinicheka.

Kasereka hakucheka. Alifunga carnet.

— Abigaëlle ni chupa ngapi? aliuliza.

Mi nilirudia ku pneu yangu.

Wakati tunasema vile, bisi ya mine ilisimama, ikashusha bantu. Moja, murefu, na mabottes ya kazi na mufuko ku bega, alilomba kawa kwa mama Wivine, akaikala pa mwisho wa banc. Hatumujue. Alikunwa pole pole na kusikiliza, juu Karavia alisha kuanza tena na miaka yake, na Douane na nzi yake, na Chef de Gare anamuelezea mugeni ile hadisi ya mayi na mutoto na ile mama wa beignet, tangu mwanzo, na makosa mbili. Muntu aliacha amalize.

— Bakubwa, munisamehe, alisema. Ule mama mwenye alivuka mayi. Ye mwenyewe, anapenda nini?

— Bamama banapendaka kitambaa, Douane alisema.

— Ya rangi gani?

Douane aliangalia Karavia.

— Ao casserole, Karavia alisema.

— Eko na ngapi?

Chef de Gare alifungula kinywa ili atoshe mithali. Haikutoka. Kasereka njo alijibu, macho ku viatu yake:

— Ndugu, sijue. Hata sura yake sijaiona.

— Nami sijue, ule muntu alisema. Njo maana nauliza. Mi njo Léonard.

Kasereka alisimama. Alimushika mukono na mikono yake yote mbili, akatingiza, akatingiza. Muntu munene vile, na machozi. Léonard alimuacha, akangoja, kisha akamuikalisha.

— Papa, wiski nitakunwa, sikatae. Lakini ile siku we ulikuwa Kasumbalesa, mi Kinsevere. Shiye babili hatukulowana hata kiatu. Tangu niko hapa natafuta mu kichwa kitu Constance anapenda. Miaka kumi na ine niko na ye. Kitu anachukia, najua: udongo ya mabottes mu salon. Kitu anapenda, natafuta, sipate.

— Telefone hauna? mama Wivine alisema.

Ilikuwa neno yake ya kwanza tangu asubui. Léonard alitosha telefone, akapiga, akaweka sauti ya juu ili bote basikie. Tulisikia mafuta inalia mu kikaango.

— Constance. Unapenda nini?



— Ulikunwa? sauti ya mama iliuliza.

Tulicheka mpaka Chef de Gare akamwanga kawa. Léonard naye alicheka.

— Kawa tu. Niko pa bisi, na papa ya ule mutoto wa siku ya mvua. Anataka kukushukuru, anauliza unapenda nini.

Mafuta ilinyamaza. Alitosha kikaango ku moto, njo vile nawaza.

— Anapumua?

— Nani?

— Mutoto, Léonard. Nilimuacha mu mikono ya infirmière, midomo ingali bleu. Nilirudia kesho yake, infirmière ni mwingine, hajue maneno. Week tatu kila motokari inapita naangalia mu kioo. Mi nauliza ile tu. Anapumua?

Karavia alitosha kofia yake. Kasereka alilomba telefone na mikono yote mbili, akaishika karibu na kinywa.

— Anapumua, mama. Anapumua muzuri. Anaitwa Abigaëlle. Leo asubui alikimbiza kuku ya jirani mpaka ku barabara. Mama, munisamehe. Nilikuwa natafuta chupa.

— Abigaëlle, sauti ilisema.

Kisha tulisikia analia, anaita Mungu, anasema aksanti. Anamuambia Kasereka aksanti. Ye njo anashukuru, na shiye tuko pale, wanaume sita na miaka ya wiski mu carnet. Mi sipendake kulia mbele ya bantu. Nililia.

— Mumulete nimuone, alisema mu ile kilio.

— Tutakuya, mama.

— Lini?

— Sasa, Kasereka alisema, na alisha kuingia mu barabara, anaita Émerance kule depot kwa nguvu, telefone ya Léonard ku sikio, na Léonard mbio nyuma yake na mufuko.