Siku Dk. Chilumba Aliponyoa Ndevu

Dk. Benedikto Chilumba anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne. Amechungulia makoo mengi ya Nachingwea na Ruangwa na kutoa humo sarafu, vifungo, miiba ya samaki na jino la bandia la mheshimiwa mmoja ambaye hatumtaji, kwa kuwa leo ni mgeni wetu.

Alikuja kwetu na pikipiki na ndevu za kufika kifuani. Pikipiki ilikufa mapema. Ndevu ziliendelea, na wagonjwa waliziamini kuliko vyeti vyake.

Mwaka 2021, korona ikiwa imepamba moto, aliletwa Mzee Rashidy wa Mandawa akikohoa na kuhema kwa shida. Mafua yalipomshika, nyumbani walimpigisha nyungu, wakamfunika blanketi juu ya chungu cha mvuke. Humo chini ya blanketi, njaa ilipomzidi, mzee alitafuna korosho kwa siri, na nusu ya moja ikapotea njia. Sasa alikuwa na korosho kwenye njia ya hewa na pengine virusi pia. Kila kikohozi chake kingeweza kuwalaza waliomhudumia.

Masharti ya siku zile aliyatunga Dk. Chilumba mwenyewe: chumba cha upasuaji waingie wanne tu, mgonjwa alazwe kabisa kwa dawa ya usingizi ili asikohoe bomba la kuchungulia likipita, mlango usifunguliwe mpaka kazi iishe, barakoa zibane uso pande zote. Barakoa haibani juu ya ndevu. Daktari akaingia chooni na wembe.

Alipotoka, muuguzi Tunu aliyelinda mlango alimweleza kwa upole kwamba ndugu wa mgonjwa wanasubiri kwenye benchi. Akasema yeye ndiye daktari. Tunu akamjibu kwamba hata shemeji wa mzee alishajiita daktari tangu asubuhi. Mzee alikuwa anaishiwa pumzi. Ndipo Koleta, mtaalamu wa usingizi, alipoitambua ile sauti akaita kutoka ndani: "Mwache aingie, mdogo wangu, ndiye huyo. Kumbe ana kidevu."

Ile nusu ya korosho ilitoka, na kifua kikafunguka. Majibu ya kipimo yalikuja baadaye: mzee alikuwa na korona kweli. Alipona, akarudi Mandawa. Kati ya wale wanne, hakuna aliyeugua.

Asante, Daktari. Tunakutakia siku nyingi zenye afya huko Mnero, na majirani wasiokuachamia makoo yao kila mnapokutana njiani.