Mama Tulinagwe na Chupa za "Chai Tu"

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya kituo chetu cha afya hapa Tukuyu, Mama Tulinagwe Mwaipaja anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Wapo watumishi watakaolia siku hiyo. Wengine watapumua, hasa wenye chupa kwenye droo.

Alianza kazi mwaka 1991 na darubini moja na swali moja: "Umekunywa nini nyumbani?" Wagonjwa wote walijibu, "Chai tu." Sisi ni watu wa chai, nani abishe? Mama alibisha. Alimrudisha ndugu wa mgonjwa mmoja hadi kijijini Ikuti akailete hiyo chai, nayo ilifika ya kijani, chungu, ya mizizi ambayo hata muuzaji hakuijua yote. Hakuwa adui wa mitishamba. Mchaichai wake aliunywa kila asubuhi. Alichokataa ni dawa isiyo na jina wala kipimo. Ukimwambia cha asili hakidhuru, alikukumbusha kwamba hata sumu ya nyoka ni ya asili.

Mwaka jana akaja sokoni bwana mmoja mwenye tai na kipaza sauti, akiuza mitishamba iliyotiwa chembe za nano za madini ya fedha, ndogo kiasi cha kupenya kila mahali mwilini. Wakulima walimcheka, wakaenda kuchuma chai yao. Tuliopanga foleni ni sisi wasomi. Mganga mfawidhi, daktari mkuu wa kituo chetu, alichukua chupa mbili. Mimi Ambwene wa dirisha la dawa, ninayewahubiria wagonjwa wasome maelekezo, nilibeba lita tano za kitu kisicho na maelekezo.

Wiki ya sita macho yangu yalikuwa ya njano kama ndizi mbivu. Mama alisoma majibu ya ini langu, akauliza swali lake. Nami, bila haya, nikajibu: chai tu. Hakucheka. Alitembea hadi nyumbani kwangu, mtaa wa Makandana, akalivuta dumu chini ya kitanda mbele ya mke wangu, akarudi nalo kichwani. Kama kosa ni la mizizi au la fedha, hakudai kujua; alisema tu kwamba kinachopenya kila mahali hupenya na ini. Nililazwa siku kumi na tisa. Bila yeye, wasifu huu angeuandika mwingine, na pengine ungekuwa wangu.

Kamati ya kumuaga ilipendekeza tumpe kanga. Nikapinga. Tumemnunulia chupa ya chai, tupu na iliyooshwa, maana tunajua atainusa kwanza.

Mama, ndaga fijo, asante sana. Kapumzike na migomba yako, uishi miaka mingi yenye afya. Swali lako nimelirithi. Jana nilimuuliza mganga mfawidhi, akajibu chai tu. Usijisumbue kurudi; chupa yake tutaifuata wenyewe.